Lightroom au darktable? Programu ya kuhariri picha kwa mpiga picha anayeanza

Mtu akishanunua kamera yake ya kwanza, swali linalofuata ni la programu: picha hizi nizihariri kwa kutumia nini? Majibu anayopewa ni mengi, na mengi huanzia pabaya. Anaambiwa akajifunze Photoshop, kwa sababu ndilo jina ambalo kila mtu amelisikia. Kwangu mimi Photoshop ni programu nzuri sana ya kujifunza ya pili au ya tatu. Ya kwanza iwe ile inayokuzoesha kusoma mwanga, tena kwenye picha nyingi kwa mpigo. Hapo ushindani wa kweli ni kati ya Lightroom Classic ya Adobe, ambayo ni ya kulipia, na darktable, ambayo ni ya bure. Kwa asiye na kompyuta ipo Snapseed ya simu, nayo nitaifikia.

Kwa nini Photoshop isubiri

Photoshop ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll. Wakati huo picha zilipigwa kwa filamu na kuingizwa kwenye kompyuta moja moja kwa skana, na programu yenyewe ina tabia hiyo hadi leo: unafungua picha moja, unaipangia leya (tabaka) juu ya leya, unamfuta mtu aliyekatiza nyuma, unachukua uso wa mtoto aliyefumbua macho kwenye picha nyingine na kuuhamishia kwenye picha ya familia. Kwa kazi hiyo sioni ya kuishinda.

Lakini mpiga picha aliyerudi usiku na memori kadi ya send-off yenye picha 600 ana kazi tofauti. Kwanza achague. Atoe zenye macho yaliyofumba na zilizotikisika. Kisha arekebishe picha moja ya meza kuu na marekebisho yale yale yaende kwenye nyingine 40 zilizopigwa mahali pale pale kwa taa zile zile. Lightroom ilitolewa mwaka 2007 kwa ajili ya kazi hii hasa, na darktable, iliyoanza mwaka 2009, ina lengo hilo hilo.

GIMP iko upande wa Photoshop. Ni ya bure, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeifanya iwe bora zaidi, kwa kuwa sasa unaweza kurudi na kubadilisha athari uliyoiweka awali bila kuanza upya. Hata hivyo faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG, GIMP haifungui yenyewe. Inaiomba darktable, au programu nyingine ya bure iitwayo RawTherapee, iliandae kwanza. Kwa hiyo anayeanza na GIMP atajikuta amerudi kwenye darktable kwa mlango wa nyuma.

Hizi mbili zinafanana wapi

Zote mbili haziigusi picha yako ya asili. Unapoongeza mwanga au kukata pembeni, programu inaandika maelekezo tu, na picha mpya hutengenezwa pale unapoitoa kwa ajili ya mteja. Ukikosea leo, mwezi ujao unaweza kurudi na kufuta kosa. Lightroom huyaweka maelekezo hayo kwenye katalogi yake. darktable ina hifadhidata yake pia, lakini juu ya hiyo huandika faili dogo la XMP kando ya kila picha, kwenye folda ile ile. Hili la pili nalipenda. Ukihamisha folda nzima kwenda kwenye diski ya nje, kazi yako inasafiri nayo, wakati mtu wa Lightroom asipoinakili katalogi, au asipoiambia iandike XMP, atabaki na picha mbichi.

Zote mbili pia zinataka upige kwa RAW ili zikuonyeshe uwezo wake. JPEG hubeba ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Uso uliozama gizani kwenye JPEG ukiuinua unapata mabaka na chembechembe, kwenye RAW unapata uso. Gharama yake ni nafasi: RAW moja ya kamera ya megapikseli 24 ni karibu MB 25 hadi 30, kwa hiyo zile picha 600 zitakula GB 15 au zaidi. Panga bajeti ya diski ya nje kabla ya bajeti ya programu.

Pesa

Hapa ndipo wengi wanapoamulia, na wana haki. Kwa miaka mingi Adobe ilikuwa na kifurushi cha wapiga picha cha dola 9.99 kwa mwezi, chenye Lightroom na Photoshop pamoja. Januari 2025 kifurushi hicho kilifungwa kwa wateja wapya. Sasa chenye programu zote mbili ni karibu dola 20 kwa mwezi, na cha Lightroom bila Photoshop ni karibu dola 12. Dola 20 kwa mwezi ni dola 240 kwa mwaka, yaani karibu laki sita za Tanzania au shilingi 31,000 hivi za Kenya, na mwaka ujao unalipa tena. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya nje, na siku ya kukatwa pesa ziwemo.

Je, mwezi pesa zisipokuwemo? Watu wengi hawajui hili kabla ya kujiunga, kwa hiyo nalisema wazi: picha zako hazipotei. Lightroom Classic itaendelea kufunguka, utaziona, utazipanga, na utaweza kuzitoa kwa mteja. Kinachofungwa ni chumba cha kuhariri. Kwa aliyeahidi picha Ijumaa na pesa zikaisha Jumatano, hilo ni tatizo la kweli.

darktable haina ada ya kujiunga, haina akaunti, haihitaji mtandao ukishaipakua. Inakaa kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa anayeishi mahali ambapo bando ni hesabu ya kila siku, programu isiyomwomba kuingia mtandaoni kuthibitisha leseni ni nafuu kubwa.

Kuna njia ya tatu inayojulikana na kila mtu: Photoshop au Lightroom ya kreki, unayowekewa na fundi wa kompyuta. Nakusihi usiichukue. Faili hizo ni mlango unaopendwa na virusi, na kompyuta yenye picha za harusi ya mtu ndiyo kompyuta ya mwisho unayotaka iambukizwe. Toleo la kreki pia huwa limegandishwa mwaka fulani, na ukinunua kamera mpya, matoleo ya zamani hayazijui RAW zake na hayawezi kuzifungua. Na sisi wapiga picha tunaishi kwa haki ya kazi zetu. Tunapolalamika picha zetu zikichukuliwa bila ruhusa, tuwe tumeheshimu kazi ya wengine kwanza, hasa pale ambapo ya bure na halali ipo.

Mashine

Adobe yenyewe inataja RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini cha Lightroom Classic na kupendekeza GB 16. Kwa laptopu ya mtumba yenye GB 8 itafanya kazi, ila maski za akili bandia (zinazotenga sehemu ya picha ili urekebishe hapo peke yake) na kupunguza chembechembe vitakufanya usubiri. darktable huvumilia mashine ndogo zaidi, lakini nayo hupumua vizuri ikipata kadi ya michoro ya kompyuta (GPU) inayoielewa. Tofauti hapa siyo ya kukuamulia. Kioo cha laptopu kina umuhimu mkubwa kuliko processa: kioo cha bei ya chini ukikitazama kwa pembe kinabadilisha rangi, na huwezi kurekebisha rangi ya uso usiyoiona sawasawa.

Picha moja, programu mbili

Tuchukue picha ambayo kila mpiga picha wa harusi ataikuta. Saa saba mchana, nje ya kanisa. Bibi harusi kavaa shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi, wote wawili ngozi zao nyeusi, jua liko utosini. Kamera imeona shela jeupe kubwa ikaogopa, ikapunguza mwanga. Shela limetoka vizuri, nyuso zimezama.

Ndani ya Lightroom mtu huanza upande wa kulia na kushuka chini. Anavuta Exposure (mwanga wa picha nzima) kidogo kwenda kulia, anarudisha Highlights (sehemu zenye mwanga mkali) kushoto ili kuliokoa shela, anainua Shadows (sehemu za giza) ili nyuso zifunguke. Dakika moja na picha inaonekana. Tangu mwaka 2022 programu inaweza pia kuwatambua watu waliomo na kukutengenezea maski ya ngozi ya uso peke yake. Unainua mwanga pale tu, na shela halijui kilichotokea. Ni zana ya ajabu kwa kazi yetu na inaokoa saa nyingi. Naisifu bila kusita.

Shida iko kwenye wepesi huo wa Highlights na Shadows. Anayeanza huzivuta zote mbili hadi mwisho, kwa sababu nyuso zinafunguka na anafurahi. Tazama ngozi kwa karibu baada ya hapo, asilimia 100. Uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha uko kwenye mng'ao: ule mstari wa mwanga juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua. Ukishusha Highlights hadi mwisho umeufuta mng'ao. Ukiinua Shadows hadi mwisho umeufuta weusi uliokuwa chini yake. Kinachobaki katikati ni kijivu. Mtu anaonekana kana kwamba hakupaka mafuta siku ya harusi yake.

darktable inakulazimisha ufikiri kwa mpangilio mwingine, na ndiyo sababu naipenda kama shule. Hapo unaanza na moduli (kijisehemu cha zana) ya exposure, na unaongeza mwanga mpaka uso uwe sawa. Uso tu. Shela litaungua, litakuwa jeupe tupu kwenye kioo, na wewe hulijali. Kisha unafungua moduli inayoitwa sigmoid, au filmic rgb ukipenda vidhibiti vingi zaidi, na hiyo ndiyo inayokusanya mwanga mkali na kuurudisha ndani ya picha taratibu, kwa sharti kwamba kamera ilikuwa imeurekodi. Mikunjo ya shela inarudi, na uso umebaki pale ulipouweka, na mng'ao wake wote.

Mpangilio huu unaanzia kwa mtu. Rangi na mwanga wa ngozi ndiyo kipimo, na vitu vingine vyote vinapangwa kukizunguka. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zile zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yetu ilikuja baadaye, kama itakavyotoka. Programu inayomzoesha mwanafunzi kuuliza kwanza "huyu mtu anaonekanaje?" inamfundisha kitu kitakachomfaa hata akihamia Lightroom, kwa kuwa na huko anaweza kufuata mpangilio huo huo: Exposure kwa ajili ya uso kwanza, Highlights baadaye, na kwa kiasi.

Preseti

Lightroom ina soko kubwa la preseti, yaani marekebisho yaliyokwisha kuandaliwa unayoyabonyeza mara moja. Mwanafunzi anaziona kwenye YouTube, anazipakua, na bibi harusi wake anageuka ama chungwa ama majivu. Sababu inaelezeka. Preseti nyingi za mtindo wa mwanga mwingi hupandisha mwangaza wa rangi ya chungwa na kupunguza ukolezi wake, kwa kuwa ngozi za watu waliotumika kuzitengeneza ziko kwenye rangi hiyo na zilihitaji kung'arishwa. Ngozi zetu pia kompyuta huzihesabu humo humo kwenye chungwa na nyekundu. Ukizing'arisha kwa nguvu ile unazichuja.

Ukiamua kwenda Lightroom, tengeneza preseti zako mwenyewe kutokana na picha zako. Ukinunua ya mtu, jambo la kwanza fungua sehemu ya rangi na urudishe chungwa na nyekundu kwenye sifuri, kisha uone kilichobaki. darktable nayo ina mitindo ya kuhifadhi, lakini soko lake ni dogo.

Ukumbini

Taa za LED za zambarau na bluu kwenye kumbi zimekuwa mtihani wa kila wiki. Hapa darktable ina nguvu ambayo mwanafunzi hataiona siku za mwanzo: moduli moja unaweza kuifungua mara mbili. Color calibration ya kwanza inarekebisha ukumbi mzima, ya pili, yenye maski uliyoichora kuzunguka nyuso, inarekebisha mwanga uliowapiga watu tu. Maski yenyewe unaweza kuiambia ishike rangi fulani na mwangaza fulani peke yake. Lightroom inafikia karibu na hapo kwa maski na waiti balansi (urekebishaji wa rangi ya mwanga) ndani yake, tena kwa haraka zaidi.

Kuna picha ambazo hakuna itakayoziokoa. Kama taa ya bluu imeujaza uso hadi rangi ile imefika mwisho wake kwenye histogramu (grafu ya mwangaza wa picha), hakuna taarifa nyingine ya kurudisha. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe na usonge mbele.

Kujifunza kwenyewe

Lightroom inaeleweka jioni moja. Bonyeza P kuchagua picha, X kuikataa, D kuingia chumba cha kuhariri. Vitelezi vimepangwa kwa utaratibu, na masomo yake mtandaoni hayahesabiki, mengine kwa Kiswahili. darktable haikuhurumii hivyo. Ina moduli nyingi mno, baadhi zikifanya kazi inayofanana, na masomo ya zamani yatakufundisha njia ambazo wenyewe wameshaziacha. Dawa ni kuzipuuza. Kwa miezi miwili ya kwanza tumia hizi tu: exposure, sigmoid, color calibration, crop, lens correction, na color balance rgb kwa ukolezi wa rangi. Ukizijua hizo sita, umeshaweza kumpa mteja picha.

Tena usihesabu kuhama kirahisi katikati ya safari. Nyota, lebo na baadhi ya mambo madogo yanaweza kuvuka kutoka Lightroom kwenda darktable, lakini uhariri wako kwa sehemu kubwa hauvuki. Ndiyo maana nasisitiza kuchagua mapema na kukaa angalau nusu mwaka.

Kama una simu tu

Snapseed. Ni ya bure, iko chini ya Google tangu 2012, na haikuwekei alama yake kwenye picha. Zana ya Selective inakuruhusu kuweka nukta juu ya uso, kuibana au kuipanua kwa vidole viwili, na kuinua mwanga hapo peke yake. Mafundi wengi wa picha za bidhaa, vyakula na nguo za dukani hawahitaji zaidi ya hiyo. Upungufu wake ni kwamba unakwenda picha moja moja. Unaweza kuhifadhi marekebisho na kuyarudia kwenye picha nyingine, lakini picha 200 zitakuchosha. Lightroom ya simu inayo sehemu ya bure pia, ila zana kadhaa muhimu zimefungiwa nyuma ya malipo. Na ukishamaliza, tuma picha kwa WhatsApp kama dokumenti, la sivyo kazi yako yote itabanwa njiani.

Nyingine, kwa ufupi

Kabla hujalipa chochote, angalia programu ya bure ya kampuni ya kamera yako: Digital Photo Professional ya Canon au NX Studio ya Nikon. Ni za polepole, lakini rangi zake ni zile zile ulizoziona nyuma ya kamera. Affinity, iliyokuwa ya kununua, imekuwa ya bure tangu Oktoba 2025 chini ya Canva, na ni mbadala mzuri wa Photoshop kwa leya. Photopea inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Capture One ya Denmark ni nzuri sana kwa studio yenye kamera iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, na bei yake si ya mtu anayeanza.

Ningekushauri hivi

Kama picha bado hazikuingizii pesa, chukua darktable na GIMP pembeni. Utahangaika wiki za mwanzo na utatoka ukijua mwanga. Kama tayari una harusi mbili tatu kwa mwezi na wateja wanadai picha ndani ya wiki, chukua Lightroom Classic na uiweke kwenye bei yako kama unavyoweka nauli. Haraka yake itailipa. Kama unauza vitu mtandaoni kwa simu, baki na Snapseed na utumie pesa kununua kitambaa cheupe na kukaa karibu na dirisha.

Ukiwa bado unasita, jaribu zote mbili kwa picha zako. Adobe hutoa siku 7 za majaribio. Chagua RAW kumi ngumu: jua la mchana, ukumbi wenye LED, mtoto mwenye ngozi nyeusi sana kando ya mama mwenye ngozi ya maji ya kunde, kanzu nyeupe. Zihariri zote kumi kwa Lightroom, kisha kwa darktable, bila kunakili namba kutoka upande mmoja. Chapisha mbili kutoka kila upande kwenye studio unayoitegemea, uzipeleke nje kwenye kivuli cha mchana na uzilinganishe na mtu mwenyewe kama yupo. Na tarehe ya mwisho ya majaribio iandike kwenye simu, maana usipositisha kabla yake, kadi yako itakatwa.